Je, wajua kwa nini sensa haiulizi kila kitu?

Sensa huja mara moja kwa miaka 10, na kwa kuwa karani hufika katika kila kaya, kila wizara hutamani iongezewe japo swali moja. Ugumu ni kwamba swali la sensa halihesabiwi kama swali moja. Mwaka 2022 Mkoa wa Kigoma ulihesabiwa kuwa na watu 2,470,967. Swali linalochukua sekunde 10 tu kwa kila mtu lingemeza karibu saa 6,900 katika mkoa huo peke yake, na Tanzania nzima, yenye watu 61,741,120, zaidi ya saa 171,000.

Hata hivyo, muda si gharama kubwa kuliko zote. Chukua kaya ya watu tisa pale Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, ambao ndio uliokuwa usiku wa sensa, baba anaweza kuwa alikuwa ziwani akivua dagaa; hakulala nyumbani, lakini ni wa kaya hiyo. Anayejibu ni mama, tena kwa niaba ya wote: umri, ulemavu, elimu, kazi, watoto waliozaliwa, waliofariki, kisha choo, maji na nishati ya kupikia. Kwa mtu wa kwanza anafikiri kabla ya kujibu. Akifika kwa mtu wa saba, dagaa wakiwa juani na mtoto akilia, umri wa shemeji unakuwa “arobaini hivi”, na karani anaandika 40. Ndiyo sababu moja ya takwimu za umri kurundikana kwenye miaka inayoishia na sifuri au tano, ingawa wapo pia wasiojua kabisa mwaka waliozaliwa. Kishikwambi kinaweza kukataa jibu lisilowezekana, kama vile mama aliye mdogo kuliko mwanawe, lakini hakina namna ya kutambua jibu la mtu aliyechoka.

Njia mojawapo ya kupunguza mzigo ni kutumia madodoso mawili. Katika sensa ya mwaka 2012 Tanzania ilikuwa na dodoso fupi kwa kaya nyingi na dodoso refu kwa sampuli tu. Marekani ilikwenda mbali zaidi: baada ya mwaka 2000 iliachana na dodoso refu la sensa, na maswali hayo yakahamia kwenye utafiti wa sampuli unaofanywa kila mwaka. Mwaka 2022 Tanzania ilielekea upande mwingine, kwa dodoso kuu lenye maswali takriban 100, ambayo mengi hurukwa pale yasipomhusu mtu. Faida yake ni kwamba hata kijiji kidogo kinapata takwimu zake chenyewe, jambo ambalo sampuli haiwezi.

Kwa maoni yangu, kipimo cha haki ni hicho hicho: swali libaki kwenye sensa ikiwa jibu lake linahitajika hadi ngazi ya kijiji au mtaa. Idadi ya watoto wanaokaribia umri wa kuanza shule inahitajika hivyo, kwa kuwa madarasa hujengwa kijijini. Matumizi ya kaya kwa mwezi yanatoshelezwa na utafiti wa sampuli, ambako karani ana muda wa kukaa na kuuliza taratibu.

Yapo pia maswali mafupi ambayo uzito wake haupimwi kwa sekunde. Kabila na dini viliulizwa mara ya mwisho mwaka 1967.