Jeti au chopa? Kabla hujaandika chaguo lako la kwanza

Kadeti wanapokaribia kumaliza mafunzo ya ndege ndogo, hakosi mmoja wa kunifuata jioni na kuuliza: "Mwalimu, niandike jeti au chopa?" Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeiishi ndani ya helikopta, na nimefundisha vijana waliokwenda pande zote mbili. Wanaponiuliza wanajua nina upande. Kweli ninao. Hata hivyo siwajibu kwa jina la ndege. Ninawauliza: ukipewa kazi ngumu, unapenda kuimaliza kichwani kabla hujaigusa, au unapenda kuifikia na kuitatua ikiwa mikononi mwako?

Hapa Kenya safari huanza pamoja. Kadeti wa Jeshi la Wanahewa hujifunzia kwenye ndege ya pangaboi moja, Grob 120A, mwalimu akiwa ameketi kando yake. Njia hugawanyika baadaye. Wapo wanaoendelea na Tucano, ndege ya mafunzo yenye nguvu zaidi, na wachache kati yao hufika kwenye F-5, jeti ya kivita, kwenye kambi ya Laikipia, Nanyuki. Wapo wanaokwenda kwenye helikopta. Wengine hupelekwa kwenye ndege za uchukuzi kama Y-12 na Spartan, njia ambayo vijana huisahau wanapouliza swali lao. Fomu ya kuchagua njia unaijaza wewe, lakini huamui peke yako. Zinatazamwa alama zako, maoni ya walimu wako, vipimo vya mwili (kiti cha jeti hakimkubali kila urefu wala kila uzito), na nafasi zilizopo mwaka huo. F-5 zilianza kuwasili nchini mwaka 1978, na baadaye nyingine zikanunuliwa kutoka Jordan, lakini hazijawahi kuwa nyingi. Mwaka usio na nafasi, hata kijana bora wa darasa hapati.

Tuanze na jeti. Ukiruka karibu kilomita 900 kwa saa, unamaliza kilomita 15 kila dakika. Ukihangaika sekunde 20 kutafuta masafa ya redio, umeshaacha kilomita 5 nyuma yako. Kwa hiyo rubani wa jeti hufanya kazi yake kubwa akiwa chini. Mruko wa saa moja hula asubuhi nzima ya kupanga: mafuta, hali ya hewa, njia, nani atageuka wapi, na ndege ikiharibika dakika ya 12 mtakwenda uwanja gani. Mkishatua, mnaingia chumbani na kuchora ubaoni kila kona mliyopiga, na kila kosa linatajwa kwa jina la aliyelifanya, mbele ya wenzake, awe na cheo gani. Kuna vijana hodari sana ambao hawawezi kuketi ndani ya chumba kile. Wakisahihishwa mbele ya watu, hawalali siku tatu. Hao siwashauri jeti, hata wakiwa na mikono mizuri namna gani.

Halafu kuna mwili. F-5 inaweza kukata kona kwa nguvu ya G 7, yaani kila kitu mwilini mwako kinakuwa na uzito mara saba. Kichwa na helmeti vyenye kilo 6 vinakuwa kilo 42 juu ya shingo. Damu inakimbilia miguuni, macho yanaanza kuona kijivu, kisha kama unatazama kupitia bomba, na usipofanya kitu unazimia. Suruali maalumu hujaa hewa na kukubana mapaja na tumbo, lakini haitoshi: wewe mwenyewe lazima ukaze miguu na tumbo na kupumua kwa mikato mifupi, huku ukiendelea kufikiri. Tena kwenye F-5E uko peke yako, hakuna wa kukukumbusha.

Sasa helikopta, na hapa mtanivumilia nikikaa kidogo.

Mkono wa kushoto unashika koletivu, wenzo unaoinua na kushusha. Mkono wa kulia unashika sikliki, fimbo inayoelekeza mbele, nyuma na kando. Miguu iko kwenye pedali, ikizuia kiwiliwili cha helikopta kisizunguke kinyume cha mapangaboi. Ukigusa kimoja, viwili vingine vinadai marekebisho papo hapo. Mwanafunzi anayejaribu kusimama hewani kwa mara ya kwanza huifukuza helikopta uwanja mzima: anasahihisha, anazidisha, anasahihisha kule alikozidisha. Nimemwona kijana aliyeongoza darasa kwa hesabu akitokwa na jasho hadi glavu zikalowa. Halafu siku moja, mara nyingi baada ya saa kadhaa za mazoezi, mikono inaelewa kabla ya kichwa, na mashine inatulia kama mtu aliyesikia jina lake. Sijaona furaha inayofanana na ile kwenye uso wa mwanafunzi.

Baada ya hapo ndipo kazi inaanza. Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto hewa ya pale ni nyepesi, na helikopta iliyonyanyuka Mombasa na watu wanane bila shida inaweza kukataa kuwanyanyua wanane hao hao Nanyuki. Lazima upige hesabu kila mara, na lazima uwe na ubavu wa kumwambia ofisa aliyekuzidi cheo, "Afande, wawili watabaki." Milima nayo haisamehi. Agosti 2012 helikopta tatu za Uganda aina ya Mi-24, zilizokuwa njiani kwenda Somalia, zilianguka Mlima Kenya. Baadhi ya wanajeshi walikufa na wengine waliokolewa wakiwa hai. Kila darasa langu lililokuja baadaye tumekaa na ramani ya mlima ule na kuzungumza juu ya mawingu, kimo, na uamuzi wa kurudi ulikotoka.

Upande wa Garissa na Wajir adui ni vumbi. Mita za mwisho kabla ya kugusa ardhi, upepo wa mapangaboi yako mwenyewe unainua mchanga na kukufunika. Huoni chochote. Unachobaki nacho ni sauti ya mwenzako aliyelala kifudifudi mlangoni: "Tano. Tatu. Kulia kidogo. Mbili." Mikono ni yako, macho ni yake. Kijana asiyeweza kumwamini mtu mwenye cheo cha chini kuliko chake hafai kwenye kiti kile.

Wengi huamini kwamba injini ya helikopta ikizima inaanguka kama jiwe. Sivyo. Ukishusha koletivu mara moja, hewa inayopanda kutoka chini inaendelea kuyazungusha mapangaboi, na nguvu hiyo unaitumia karibu na ardhi kupunguza kasi na kutua. Lakini una sekunde moja au mbili tu za kushusha, na tofauti na jeti, chini yako hakuna kiti cha kukurusha nje. Ndiyo maana tunalifanya zoezi hilo hadi wanalichukia.

Jambo ambalo vijana hawaniulizi, nami huwaambia hata wasipouliza, ni watu. Rubani wa jeti mara nyingi huona kazi yake kwa mbali. Wa helikopta hutua katikati yake. Mto Tana ukifurika, mama anakupa mtoto kupitia mlangoni kisha anarudi nyuma kumchukua mwingine. Niliwahi kubeba askari aliyejeruhiwa, na kwa karibu saa nzima nilimsikia tabibu kwenye vipaza sauti vya helmeti akihesabu mapigo ya moyo wake. Ilipofika mahali akaacha kuhesabu. Nilitua, nikazima injini, nikajaza kitabu cha ndege kama kawaida. Bado naikumbuka namba ya mwisho aliyoitaja. Kama una moyo unaobeba watu kwa muda mrefu, jiulize mapema utazungumza na nani ukirudi nyumbani, na umtafute mtu huyo kabla hujamhitaji.

Kuhusu vyeo, watu husema jeti ndiyo ngazi. Jenerali Francis Ogolla, aliyefunzwa urubani wa ndege za kivita na Jeshi la Anga la Marekani, alipanda hadi kuwa Mkuu wa Majeshi, kabla ya kutuacha tarehe 18 Aprili 2024 katika ajali ya helikopta Elgeyo Marakwet. Lakini waliomfahamu watakwambia kwamba alichopanda nacho ni zaidi ya aina ya ndege.

Kuhusu maisha baada ya jeshi, zungumza na hesabu. Leseni ya juu ya rubani wa ndege za abiria, kwa kiwango cha kimataifa, inadai saa 1,500. Ya helikopta inadai 1,000. Miruko ya jeti ni mifupi, kwa hiyo saa zinakuja polepole, na rafiki yako wa Spartan atakuacha mbali. Saa za helikopta nazo hazihamishiki zote kwenye ndege za mabawa. Hata hivyo rubani wa chopa hapa Kenya hakosi kazi: watalii wa Mara, uokoaji, na kila baada ya miaka mitano, kampeni.

Nina wanafunzi wawili ninaowakumbuka kila ninapoulizwa swali hili. Wa kwanza alikuwa na mikono mizito, lakini ukimuuliza chochote angani alikuwa ameshafika dakika tatu mbele ya ndege. Nilimwandikia maoni ya jeti na sikujuta. Wa pili alitaka jeti tangu utotoni, alama alikuwa nazo. Siku moja tukiwa na Grob, hali ya hewa ikabadilika na mpango wetu wote ukaharibika. Akatabasamu. Akaanza kuuliza: tunaona nini, tuna mafuta kiasi gani, wapi tunaweza kwenda. Tulipotua nilimwambia nilichokiona, nikamwachia fomu yake aijaze mwenyewe. Aliandika helikopta.

Mimi, kwa wakati wangu, mstari wa kwanza niliandika jeti. Nilipopewa helikopta niliona aibu kumpigia baba simu, na ilinichukua wiki mbili kumwambia. Kwa hiyo ukija kwangu na fomu, tutakaa pia kwenye mstari wa pili, wa chaguo la pili. Usiujaze kwa haraka ukidhani hautasomwa. Kabla ya kuujaza, mtafute rubani mwenye miaka mitano kazini, mmoja wa kila upande, na usimuulize kama anaipenda ndege yake, maana wote wataipenda. Muulize Jumanne iliyopita alifanya nini tangu asubuhi hadi alipolala.