Je, wajua: mbona urea inaamsha mchicha upesi hivi, halafu ardhi inachoka?

Mtu yoyote anaelima mchicha Bumbwisudi au Kizimbani, huku kwetu Zanzibar, hii anaijua. Tuta limekaa njano njano, unarusha urea jioni, unamwagia maji, zikipita siku chache tu majani yashakoza kijani mpaka wapita njia wanauliza umetia nini. Jirani yako yeye katia samadi ya ng'ombe na mchicha wake unakuja taratibu, hauna haraka na mtu. Hapo ndo watu wanagawana kambi, hawa wanasema bila ya mbolea ya chumvichumvi hakuna kilimo, wale wanasema hiyo sumu inaua ardhi, na kusema kweli kila kambi imeshika nusu ya habari.

Mzizi wenyewe haujui tofauti. Naitrojeni, ndo chakula kile kinachokoza kijani, mmea unainywa zaidi kwa sura mbili, naitreti na amoniamu, na iwe imetoka kwenye polo la urea au kwenye kinyesi cha ng'ombe, ikishafika kwenye mzizi ni kitu kile kile. Tofauti yote iko njiani, nani kaitengeneza, kwa mwendo gani, na kaacha nini kwenye udongo.

Chukua punje moja ya urea uiangalie. Ikikutana na unyevu inayeyuka, halafu kimeng'enya kinachotoka kwa vijidudu vya udongoni kinaivunja na ndani ya siku chache inakuwa amoniamu. Pale pale ilipoangukia punje udongo unapanda ualkali kwa muda, na sehemu ya naitrojeni inageuka hewa ya amonia inapaa, ndo ile harufu ya kuchoma pua. Kwahiyo ukiirusha juu tu bila ya kufukia na jua limewaka, pesa yako nyengine inakwenda na upepo. Na huku kwenye maweni, Makunduchi au Micheweni, ambako udongo wenyewe tayari una chokaa ya matumbawe, hasara hiyo inazidi.

Baada ya hapo bakteria wengine wanaigeuza amoniamu kuwa naitreti, na kazi hiyo inaacha asidi. Mwaka baada ya mwaka kichanga na kinongo, ule udongo mwekundu, kinaanza kuchachuka. Maweni hayana shida hiyo mana chokaa inaimeza asidi yote, wao wana yao: fosforasi inakamatwa na kalsiamu, madini ya chuma na zinki yapo lakini hayatoki, unaona jani changa limepauka njano huku mishipa imebaki kijani. Jani la namna hiyo halina njaa ya urea, ukiongeza urea unajitia hasara bure.

Sasa hii ya kuchoka. Urea asilimia 46 yake ni naitrojeni na basi, haina fosforasi wala potashi. Unausukuma mmea ukue haraka, na huo mmea ili ukue inabidi uvute potashi na vyenginevyo kutoka kwenye udongo, halafu wewe unaung'oa na mizizi yake, unaufunga mafungu unaupeleka sokoni Mwanakwerekwe. Mchicha unakula potashi sana, muhogo nao vile vile. Kila mavuno umetoa na hujarejesha, na mabua yaliyobaki umeyatia moto. Mtu akisema urea imeua ardhi mimi naona kaisingizia kidogo, aliyemaliza ghala ni mvunaji, urea imemsaidia kumaliza haraka tu.

Ushahidi upo. Uingereza kuna shamba linaitwa Broadbalk, pale Rothamsted, tangu 1843 wanalima ngano, vipande vyengine vinatiwa mbolea ya kiwandani tu na chengine samadi tu, mpaka leo. Ile mbolea ya kiwandani ikikamilika, sio naitrojeni peke yake, mavuno yake yanakaribiana na ya samadi, kwahiyo habari ya sumu pale haikusimama. Ila mboji, yale mabaki yaliyooza yakachanganyika na udongo, kwenye udongo wa samadi ni zaidi ya mara mbili ya ule mwengine. Na msisahau ule ni udongo wa mfinyanzi, mzito, tena ulishatiwa chokaa zamani. Kichanga chetu hakina uvumilivu huo hata kidogo.

Kichanga hakishiki kitu. Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, zinaikamata amoniamu na potashi zisikimbie, na mchanga hauna uwezo huo. Naitreti ndo kabisa, na yenyewe ina chaji hasi kwahiyo hata udongo mzuri hauishiki, mvua ya masika ikipiga inashuka nayo chini. Na chini ya miguu yetu sehemu nyingi ni jiwe la matumbawe lenye matundu matundu, na maji ya visima tunayokunywa ndo yanatoka humo. Shirika la Afya Duniani mpaka wake ni miligramu 50 za naitreti kwa lita. Lakini wale wa samadi msicheke, lundo la mavi ya kuku lililoachwa linyeshewe karibu na kisima linafanya yale yale, na vyoo vya shimo navyo havina usalama.

Samadi sasa. Polo la kilo 50 la urea lina kilo 23 za naitrojeni. Samadi ya ng'ombe iliyokauka mara nyingi ina asilimia 1 hadi 2, kwahiyo kuzipata kilo hizo 23 unataka tani moja na ushei mpaka zaidi ya mbili, hebu zihesabu hizo gari za ng'ombe, na msimu wa kwanza inaachia sehemu tu, iliyobaki inasubiri vijidudu viivunje. Ndo mana inaonekana dhaifu. Lakini inaleta potashi, fosforasi na madini madogo madogo, na inaacha mboji inayoshika maji na chakula cha mmea, udongo unakaa chenga chenga mzizi unapita kwa raha, nyungunyungu wanarudi.

Na pembeni ya mzizi pale, milimita chache tu, ndo kwenye shughuli. Mzizi unatoa sukari nje makusudi, bakteria na kuvu wanajaa kuila, na kuvu wengine wanaunga nyuzi zao na mzizi wanakwenda kuutafutia fosforasi mbali ambako wenyewe haufiki. Ukimwaga fosforasi nyingi mmea unaupunguza urafiki huo, hauna haja nao tena. Kunde ni hivyo hivyo: ng'oa mche mmoja taratibu utaona vinundu mizizini, kipasue kimoja kwa kucha, kikiwa chekundu chekundu ndani basi kinafanya kazi ya kukamata naitrojeni ya hewani. Kunde iliyomwagiwa urea nyingi vinundu vinakuwa vichache, na wewe umenunua kitu ambacho ungepewa bure.

Kuunguza je? Urea au NPK (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potashi pamoja) ikilundikwa kwenye shina inakuwa chumvi kali, inavuta maji yatoke kwenye mzizi, sawa na tango la kachumbari likitiwa chumvi. Mavi ya kuku mabichi nayo yanaunguza, hilo watu hawalisemi. Samadi mbichi inaleta na mbegu za magugu, na ukitia maranda ya seremala yasiyooza, vijidudu vinaichukua naitrojeni ya udongo vijilishe kwanza na mmea unageuka njano. Iache ioze, iwe nyeusi, isiwe na harufu.

Kwa kichanga na maweni mimi nipo upande wa kuchanganya, na sio kwa kutaka kupatanisha watu. Mboji inaishika ile amoniamu ambayo mchanga ungeiachia, kwahiyo urea nusu juu ya samadi iliyooza inaweza kukufaa kuliko urea nzima juu ya mchanga mtupu. Samadi itangulie wakati wa kutengeneza matuta, urea ije baadae kidogo kidogo kwa awamu, mbali na shina, ifukiwe. Kwenye tungule (nyanya) usizidishe, utapata majani ya kujivunia na matunda ya kuhesabu, na tena naitrojeni ya amoniamu ikizidi mmea unashindwa kuvuta kalsiamu, tungule linaoza kitako.

Mabonde ya mpunga kama Cheju na Kibokwa hesabu yake ni mbali. Chini ya maji hakuna hewa, na naitreti ikikosa hewa bakteria wanaigeuza gesi inapotea, ndo mana CAN, mbolea ya amoniamu naitreti yenye kalsiamu, ambayo nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, haifai bondeni na urea inafaa. Ila punguza maji kwanza, tia, halafu rejesha maji yaisukume chini kwenye mizizi.