Kifafa, usahaulifu na nyuzi nyeupe za ubongo: maswali na majibu

Binti yangu wa kidato cha pili ana kifafa. Anasoma ukurasa jioni, asubuhi hakumbuki hata kichwa cha habari. Mwalimu anasema ni mvivu. Je, ni kweli?

Neno "mvivu" lisubiri kwanza mtoto achunguzwe. Usahaulifu wa namna hiyo huwapata watu wengi wenye kifafa, hasa kile kinachoanzia katika sehemu ya ubongo iliyo karibu na sikio. Humo ndimo ilimo hipokampasi, kiungo kidogo kinachopokea mambo mapya na kuyaandaa yapate kuhifadhiwa.

Nyuzi nyeupe zinahusikaje?

Hipokampasi haifanyi kazi peke yake. Inaunganishwa na sehemu nyingine kwa mafungu ya nyuzi ndefu za seli za neva, zilizofunikwa na utando wa mafuta uitwao myelini, ambao ndio unaozipa weupe na kuharakisha ujumbe unaopita. Fungu mojawapo, foniksi, hutoka hipokampasi likapinda kama upinde kuelekea katikati ya ubongo. Njia ikiharibika, jambo laweza kupokelewa vizuri kisha likashindwa kufika linakotakiwa.

Nyuzi nyembamba kiasi hicho zinapigwaje picha?

Kwa mashine ya MRI, inayotumia sumaku na mawimbi ya redio bila mionzi ya eksirei, lakini kwa upimaji maalumu unaofuatilia mwendo wa chembe za maji, uliobuniwa na Peter Basser na wenzake mwaka 1994. Fikiria umati wa Kariakoo, ambamo mtu husukumwa upande wowote, kisha ulinganishe na basi la mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni, ambalo huenda mbele au kurudi katika njia yake tu. Maji yaliyo kati ya nyuzi zilizopangika vizuri husafiri kama basi hilo. Nyuzi zikilegea au myelini ikipungua, yanatawanyika. Kompyuta hukipa kila kipande cha picha namba kati ya 0 na 1, na kadiri namba inavyokaribia 1 ndivyo maji yanavyofuata mwelekeo mmoja.

Picha hizo zimeonyesha nini?

Kwa wenye kifafa cha sehemu hiyo ya karibu na sikio, namba hizo kwa wastani huwa chini kuliko za watu wasio na kifafa, zaidi upande kinakoanzia kifafa, ingawa mabadiliko hufika hata mbali na hapo. Tafiti nyingi pia zimehusisha udhaifu wa nyuzi za upande wa kushoto na ugumu wa kukumbuka maneno, kwa kuwa kwa watu walio wengi lugha hukaa upande huo. Hata hivyo huo ni wastani wa makundi, na picha moja haiwezi kutenganisha madhara ya kifafa chenyewe na yale ya kovu au ugonjwa uliokisababisha.

Nilipimwa MRI hapa Dar es Salaam nikaambiwa picha ni nzuri. Mbona bado nasahau?

MRI ya kawaida hutafuta makovu, uvimbe, au vifuko vya minyoo ya tegu, ambayo ni chanzo cha kifafa katika baadhi ya maeneo ya Tanzania. Upimaji wa nyuzi kwa sehemu kubwa hufanywa katika utafiti na katika kupanga upasuaji. Kwa hiyo majibu mazuri hayamaanishi kwamba unajisingizia, na sikushauri utafute fedha za kurudia kipimo kwa ajili ya usahaulifu peke yake.

Kwa nini upasuaji unatajwa?

Mwaka 1953 huko Marekani, daktari William Scoville aliondoa sehemu kubwa ya hipokampasi za pande zote mbili za Henry Molaison ili kumpunguzia kifafa. Degedege zilipungua, lakini hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya za maisha yake. Ndiyo maana leo mgonjwa hupimwa kumbukumbu kwanza, na upande mmoja tu ndio unaofanyiwa upasuaji.

Basi nifanye nini?

Mweleze daktari wa kliniki kuhusu usahaulifu kama unavyomweleza kuhusu degedege, maana mara nyingi haulizwi. Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenobabitali na topirameti, zinaweza kupunguza wepesi wa fikra, na dozi au dawa huweza kubadilishwa. Usiache dawa mwenyewe ghafla, kwa kuwa kufanya hivyo kunaweza kuleta degedege zisizokoma. Usingizi haba na sonona pia huharibu kumbukumbu, na vyote viwili hutibika. Kwa binti wa kidato cha pili, aandike mambo matatu kila anapofunga kitabu, ayasome tena kabla ya kulala, na mzazi aweke daftari la tarehe za degedege ili daktari aone kama siku za usahaulifu mkubwa ndizo zinazofuata usiku alioanguka.