Gharama ya kiti kwa kilomita: kipimo kinachoamua nani auze tiketi rahisi

Ndege mbili zinaruka njia moja, siku moja, na tiketi ya moja inauzwa karibu nusu ya nyingine. Haraka haraka mtu hudhani kwamba shirika la bei nafuu limekubali faida ndogo, au linabana matengenezo. Hilo la matengenezo tulimalize mapema: ratiba ya ukaguzi wa ndege inafuata maagizo ya mtengenezaji na masharti ya mamlaka ya usafiri wa anga, na nauli haiwezi kuibadili. Tofauti inatoka kwenye kipimo ambacho wenye mashirika hukitazama kila siku, yaani gharama ya kiti kwa kilomita.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua gharama zote za shirika kwa kipindi fulani: mafuta, mishahara, malipo ya kukodi ndege, ada za viwanja, matengenezo, bima, ofisi. Zigawe kwa viti-kilomita, yaani idadi ya viti mara umbali ambao vilisafirishwa. Ndege ya viti 180 ikiruka kilomita 1,000 imezalisha viti-kilomita 180,000, iwe imejaa au haina abiria hata mmoja. Hapo ndipo ugumu wa biashara hii ulipo. Kiti kinagharamiwa kabla hakijapata mnunuzi, na milango ikishafungwa, kiti kitupu hakiwekwi ghalani kikauzwa kesho.

Mtindo wa bei nafuu ulipata sura yake Texas, Marekani. Southwest Airlines ilianza safari Juni 1971 kati ya Dallas, Houston na San Antonio, ikitumia Boeing 737 peke yake. Kwa kuwa haikuvuka mpaka wa jimbo, haikubanwa na nauli zilizopangwa na serikali kuu. Mwaka 1972 fedha zilipungua, ikauza ndege moja kati ya nne ilizokuwa nazo, lakini haikutaka kupunguza ratiba. Njia iliyobaki ilikuwa moja: ndege ikitua, abiria washuke, wengine wapande, na iruke tena ndani ya dakika kumi hivi. Malipo ya kukodi ndege na bima hulipwa kwa mwezi, ndege iruke isiruke. Ikifanya safari sita kwa siku badala ya tano, mzigo uleule unagawanywa kwa viti-kilomita vingi zaidi.

Aina moja ya ndege nayo ina faida kubwa kuliko inavyoonekana. Rubani yeyote anaweza kupangiwa ndege yoyote, ghala la vipuri ni moja, mafundi wanafunzwa kwa aina hiyo tu, na ndege moja ikiharibika asubuhi, nyingine inachukua nafasi yake bila kupangua viti vya abiria.

Kisha kuna viti vyenyewe. Boeing 737-800 ya Ryanair, shirika la bei nafuu la Ireland, ina viti 189. Shirika lenye daraja la juu mbele huweka kati ya 160 na 170 katika ndege hiyohiyo. Tuseme safari inagharimu dola 10,000. Kwa viti 165, kila kiti kinabeba takriban dola 61. Kwa viti 189, takriban 53. Dola nane zimepungua na bado hatujagusa mshahara wa mtu. Abiria analipia nafuu hiyo kwa magoti yake, na kwa safari ya saa moja wengi wetu tunakubali.

Kwa nini basi mashirika ya kawaida yasiige tu? Kwa sababu yanauza bidhaa nyingine. Mtu wa mji mdogo akitaka kwenda bara jingine, shirika la kawaida linamuuzia tiketi moja, linampitisha kwenye uwanja wake mkuu, linahamisha mzigo wake, na akikosa ndege ya pili kwa kuchelewa kwa ya kwanza, linampa kiti kwenye inayofuata. Huduma hiyo inadai ndege za ukubwa tofauti, ratiba ambamo ndege nyingi hutua kwa pamoja, wafanyakazi wanaozidiwa kwa saa moja na kukosa kazi saa inayofuata, na ndege zinazosubiri abiria wa kuunganisha. Wanaouita mfumo huu uzembe wanakosea. Njia nyingi zina abiria wachache mno kujaza ndege ya moja kwa moja, na bila uwanja wa kuwakusanya zisingekuwa na usafiri kabisa.

Makampuni makongwe yalijaribu kujibu kwa kuanzisha matawi ya bei nafuu. Continental Lite, tawi la Continental ya Marekani, ilianza 1993 na kufa 1995. British Airways ilianzisha Go mwaka 1998 na kuiuza 2001. Huko Marekani tena, Delta ilikuwa na Song, United ikawa na Ted, na yote mawili yalifungwa. Tatizo lililojirudia Marekani lilikuwa kwamba rangi ya ndege ilibadilika huku sehemu kubwa ya gharama ikibaki ya kampuni mama. Jetstar ya Qantas ya Australia, iliyoanza 2004 ikiwa na uongozi wake na mikataba yake, imedumu.

Jibu lililouma zaidi lilitoka kwenye kompyuta. Mwaka 1985 American Airlines ilitoa nauli za chini sana kushindana na People Express, shirika la bei nafuu, lakini kwa viti vichache na kwa wanaokata tiketi mapema. Msafiri wa biashara aliyekuja dakika za mwisho aliendelea kulipa bei kamili. People Express ilikuwa na gharama ndogo kwa kiti lakini haikuwa na mfumo wa kompyuta wa kugawa bei namna hiyo. Kufikia 1987 ilikuwa imemezwa na Continental. Gharama ndogo bila ujuzi wa kuuza haikuiokoa.

Tangu hapo pande mbili zimekuwa zikisogeleana. American ilianza mwaka 2008 kutoza dola 15 kwa begi la kwanza linaloingia tumboni mwa ndege. British Airways iliacha chakula cha bure kwenye njia fupi za daraja la kawaida Januari 2017. Southwest, iliyojivunia kubeba mabegi mawili bila malipo kwa miaka mingi, ilianza kutoza mwaka 2025. Kwa hiyo kulinganisha bei iliyoandikwa juu ya tangazo hakutoshi tena. Jumlisha begi, kiti, na usafiri wa kutoka uwanjani: Beauvais, unaotumiwa na mashirika ya bei nafuu kwa abiria wa Paris, uko takriban kilomita 80 kutoka katikati ya jiji.

Umbali nao unapunguza nguvu ya mtindo huu. Dakika 30 zinazookolewa ardhini ni nyingi kwa safari ya saa moja, ni kidogo sana kwa safari ya saa kumi. Mafuta yanachukua sehemu kubwa zaidi ya gharama, na hayo kila shirika linayanunua kwa bei zinazokaribiana. Wahudumu wanahitaji hoteli ugenini. Skytrain, huduma ya bei nafuu ya Freddie Laker kati ya London na New York, ilianza 1977 na kuanguka 1982. Norwegian, shirika la bei nafuu la Norway, iliacha safari zake za mbali Januari 2021, janga la Uviko likiwa limemalizia kazi ambayo madeni yalishaianza. Kwenye njia ndefu, nauli ikiwa chini sana, mara nyingi ni kwa sababu viti vimesogezwa karibu na kila kingine kinauzwa kivyake.