Makabidhiano kati ya Programu Dhibiti na Kiini cha Mfumo Endeshi

Miongoni mwa malalamiko yanayoletwa mara kwa mara katika kitengo chetu cha ushauri wa kompyuta ni lile la mashine iliyofanya kazi vizuri jana na leo inadai kwamba haioni mfumo endeshi wowote. Mara nyingi mwenyewe ameshaambiwa na fundi kuwa diski imekufa, na pengine ameshanunua nyingine. Tukiichunguza tunakuta diski ni nzima na Windows ipo mahali pake. Kilichokufa ni betri ndogo ya mviringo, CR2032, iliyopachikwa kwenye ubao mama. Betri ilipoisha, mipangilio ya uwashaji ilirudi kama ilivyotoka kiwandani, na pande mbili zilizokuwa zikielewana kila asubuhi zikapotezana. Makala haya yanaeleza pande hizo ni zipi, zinazungumza kwa njia gani, na kwa nini mazungumzo yao hayaishi hata baada ya kompyuta kuwaka.

Upande wa kwanza ni programu dhibiti, inayokaa ndani ya chipu iliyochomelewa kwenye ubao mama, na ambayo katika mashine za miaka ya karibuni kwa kawaida huwa na ukubwa wa megabaiti 16 au 32. Hiyo ndiyo inayoamka kwanza umeme unapoingia. Upande wa pili ni kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu ya Windows, Linux au mfumo mwingine yenye mamlaka juu ya prosesa, kumbukumbu na vifaa vyote. Kabla ya kuwashwa, kiini ni faili tu lililolala kwenye diski. Hakijui mashine ina RAM kiasi gani, ni maeneo yapi ya RAM hiyo yamekwisha kuchukuliwa, prosesa ni ngapi, wala kioo kinaandikwa vipi. Programu dhibiti inayajua yote hayo kwa kuwa ndiyo iliyoiandaa RAM ifanye kazi na kuvizindua vifaa vingine. Kwa hiyo kiini hakina budi kuuliza, na usahihi wa majibu kinayopewa ndio utakaoamua kama mashine itatulia au itakwama.

Katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ambayo ndiyo babu wa kompyuta nyingi za mezani za leo, programu hiyo iliitwa BIOS, na mafundi wengi wanaendelea kutumia jina hilo kwa chochote kinachokuja kabla ya Windows. BIOS ilisoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, ikahakikisha kwamba baiti mbili za mwisho ni 55 na AA, kisha ikairukia, yaani ikaanza kuendesha kilichomo, bila kuuliza zaidi. Aliyetaka huduma aliweka namba ndani ya rejista, yaani kihifadhi kidogo kilichomo ndani ya prosesa, na kuita ukatizaji, yaani ishara ya kuisimamisha prosesa ili ihudumie ombi: 10 kwa kioo, 13 kwa diski, 15 kwa mambo mengine yakiwemo ya kumbukumbu, zote zikiwa ni tarakimu za msingi wa kumi na sita. Huduma hizo zilifanya kazi katika hali ya biti 16 tu. Kiini cha kisasa kikishahamia hali ya biti 32 au 64 hakikuweza tena kuziita moja kwa moja, na kwa sababu hiyo kilimaliza maswali yake yote mapema. Swali kubwa kuliko yote lilikuwa ramani ya kumbukumbu, iliyojulikana kwa namba ya huduma yake, E820. Jina hilo limeng'ang'ania: ukifungua rekodi za uwashaji za Linux kwenye mashine mpya isiyo na BIOS kabisa, bado utakuta mistari inayoanza na maneno BIOS-e820.

Mrithi wa BIOS alianza ndani ya kampuni ya Intel mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati wa maandalizi ya prosesa ya Itanium, kwa jina la EFI. Mwaka 2005 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa UEFI Forum, jumuiya ya makampuni, jina likawa UEFI, na toleo la 2.0 likatoka mwaka 2006. Lakini ni ujio wa Windows 8 mwaka 2012 ulioifanya UEFI kuwa jambo la kawaida kwenye kompyuta za watu wa kawaida. Tofauti kubwa ni kwamba UEFI inaelewa mafaili. Badala ya kurukia sekta ya kwanza kwa upofu, hufungua kizigeu kidogo, yaani sehemu ya diski iliyotengwa, chenye muundo rahisi wa kupanga mafaili uitwao FAT, ikatafuta programu iliyoelekezwa, na kuiendesha. Hapa ndipo penye kisa cha betri iliyokufa: Windows iliyowekwa kwa njia ya UEFI haina cha kusomwa na mashine iliyorudi kwenye njia ya zamani ya BIOS, na kinyume chake ni hivyo hivyo. Tiba ni kubadili betri na kurudisha mpangilio mmoja, kazi ya dakika chache.

Kiini cha Linux, tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, kinaweza chenyewe kujifanya programu ya UEFI. Mwanzo wa faili lake una herufi MZ, zile zile zinazoanzia programu za Windows, ili programu dhibiti ilikubali na kulipakia bila mpatanishi. Kinapoamka, kiini hukabidhiwa vitu viwili tu: kitambulisho chake mwenyewe, na anwani ya jedwali la mfumo. Kutokana na anwani hiyo moja hufuata mengine yote: orodha ya huduma, majedwali ya vifaa, na mahali pa kumbukumbu ya picha. Hata hapo lugha hazilingani. Kwenye prosesa za biti 64 za Intel na AMD, UEFI hufuata utaratibu wa Microsoft wa kupeleka maombi, ambapo hoja ya kwanza, yaani thamani ya kwanza inayoambatana na ombi, huwekwa kwenye rejista ya RCX, ilhali Linux huiweka kwenye RDI. Kiini hulazimika kubeba kipande cha msimbo cha kupanga upya rejista kila kinapotaka kusema neno, hata kama ni kuuliza saa tu.

Kisha huja hatua ninayoiona kuwa ndiyo moyo wa jambo lote, yaani makabidhiano. Aliyewahi kupokea ofisi ya umma anajua kwamba hati ya makabidhiano husainiwa baada ya orodha ya mali kuhakikiwa, na kwamba kiti kimoja kikihamishwa kati ya uhakiki na saini, orodha hiyo haina thamani. UEFI inafuata kanuni hiyo hiyo. Kiini huomba ramani ya kumbukumbu, iliyogawanywa katika kurasa za baiti 4,096, kila eneo likiwa na aina yake: lililo huru, linalotumika wakati wa uwashaji tu, lenye majedwali ya vifaa, na lisiloguswa kamwe. Pamoja na ramani hutolewa namba ya utambulisho. Kiini kikitaka kuchukua mamlaka huita huduma ya ExitBootServices na kurudisha namba ile. Ikiwa katikati ya hapo programu dhibiti imechukua hata ukurasa mmoja zaidi, namba hailingani, ombi linakataliwa, na kiini hulazimika kuomba ramani upya na kujaribu tena. Wakati wote huo kuna saa ya ulinzi ya dakika 5 inayohesabu kurudi nyuma: programu ikikwama kabla ya makabidhiano, mashine hujiwasha upya. Makabidhiano yakifanikiwa, saa hiyo huzimwa.

Tangu sekunde hiyo huduma za uwashaji hazipo tena. Hakuna wa kumsomea kiini faili wala wa kuandika herufi kwenye kioo. Picha unayoendelea kuiona kabla ya kiendeshi cha kadi ya picha, yaani programu inayoitumikisha kadi hiyo, kupakiwa inatokana na jambo dogo tu, kwamba kiini kiliachiwa anwani ya eneo ambalo ukiandika namba linatokea doa la rangi.

Hata hivyo, aliyekabidhi haondoki moja kwa moja. Sehemu ya programu dhibiti hubaki ndani ya RAM ili kutoa huduma chache za kudumu: kusoma na kuweka saa, kuwasha mashine upya, kupokea toleo jipya la programu dhibiti yenyewe, na kusoma au kuandika vigeu, yaani thamani ndogo zenye majina, vinavyohifadhiwa kwenye ile chipu ya ubao mama. Kwa kuwa kiini hutumia anwani pepe badala ya anwani halisi za kumbukumbu, hulazimika kuieleza programu dhibiti mahali ilipohamishiwa, na maelezo hayo yanaruhusiwa kutolewa mara moja tu katika uhai wa kila uwashaji. Linux inaweza kuanzisha kiini kipya bila kuzima mashine; kiini hicho cha pili hukuta anwani zimeshapangwa, hivyo hurithi mpangilio wa mtangulizi wake.

Kwenye maandishi, mkataba huu ni safi. Kwenye utekelezaji, uzoefu umewafundisha watengenezaji wa viini kutoamini kila wanachoambiwa. Mwaka 2011 Linux iliongezewa tahadhari ya kutogusa maeneo ya huduma za uwashaji, ambayo kisheria yalikuwa yamekwisha kuachwa, mpaka upangaji wa anwani umalizike, kwa sababu baadhi ya programu dhibiti zilikuwa zikirejea kwenye maeneo hayo baada ya kutangaza kwamba yako huru. Leo Linux huziita huduma za kudumu moja moja, ikizifungia ndani ya jedwali lao la kurasa, yaani ramani ya anwani iliyotengwa kwa ajili yao, na huduma ikianguka kiini huzisitisha zote badala ya kuanguka nayo.

Vigeu ndivyo vilivyoleta hasara kubwa zaidi. Kigeu kinachoitwa BootOrder, kwa mfano, hubeba mpangilio wa kipi kijaribiwe kwanza wakati wa kuwasha, na mfumo endeshi unapowekwa ndio unaojiandikisha humo. Mwanzoni mwa mwaka 2013 iligundulika kuwa baadhi ya kompyuta mpakato za Samsung zingeweza kuharibika zisiwake tena, na ingawa kwanza lawama ilikiangukia kiendeshi kimoja cha Linux, ilikuja kuonyeshwa kwamba hata Windows ingeweza kuleta balaa hilo kwa kuandika vigeu vingi mno. Baadaye Linux ikaanza kukataa kuandika pale nafasi inayobaki inapokaribia kushuka chini ya kilobaiti 5. Mwaka 2016 likatokea jingine: Linux huonyesha vigeu kama mafaili ya kawaida, na aliyefuta kila kitu kwenye mashine yake kwa amri moja alijikuta amefuta vigeu vya ubao mama pia. Tangu toleo la 4.5, mafaili hayo hufungwa yasifutike kirahisi, isipokuwa machache yanayojulikana kuwa salama. Mimi nasema kosa la msingi lilikuwa la programu dhibiti, kwani mashine inapaswa kuwaka hata kama vigeu vyote vimetoweka; lakini anayelaumiwa na mwenye kompyuta ni yule aliyeonekana akifuta.

Njia hiyo ya vigeu ndiyo pia inayobeba orodha za funguo za uwashaji salama, ambazo huamua ni programu zenye saini ya nani zitakazoruhusiwa kuanza. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011 vinavyotumika katika kompyuta nyingi vinafikia ukomo mwaka 2026, na vipya vya mwaka 2023 huandikwa na mfumo endeshi kwa kuiomba programu dhibiti iviweke. Mashine isiyopata vyeti vipya inatarajiwa kuendelea kuwaka, ila haitaweza kupokea marekebisho mapya ya sehemu zake za uwashaji. Kwa hiyo wenye mashine za mtumba ambazo hazijaunganishwa na mtandao kwa miaka wangefanya vyema kuzisasisha.

Mazungumzo mengine hupitia majedwali ya ACPI, utaratibu uliotolewa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996. Humo mna maelezo ya betri, joto, vitufe na hali za usingizi, na sehemu yake kubwa ni programu ndogo ambazo kiini huzitafsiri na kuziendesha chenyewe. Baadhi ya programu hizo huuliza: wewe ni mfumo gani? Linux hujibu kwamba ni Windows, toleo baada ya toleo, na ikiulizwa kama ni Linux hukana. Sababu yake si ya kuficha chochote. Watengenezaji wa kompyuta hupima mashine zao kwa Windows, na njia iliyopimwa ndiyo yenye nafasi kubwa ya kufanya kazi. Waliowahi kujibu ukweli waliishia kwenye kona ambazo hakuna aliyewahi kuzijaribu.

Kwenye simu za Android, ambazo huenda ndizo mnazosomea makala haya, hadithi ni fupi zaidi. Programu inayotangulia hukipa kiini anwani ya faili moja, lijulikanalo kama mti wa vifaa, lenye kueleza kila kilichomo kwenye simu, na kwenye prosesa za Arm za biti 64 anwani hiyo huwekwa kwenye rejista ya x0. Kiini hulisoma na kuendelea, bila maswali mengi.

Anayetaka kujua mashine yake iko upande upi anaweza, kwenye Windows, kuendesha msinfo32 na kusoma mstari wa hali ya BIOS. Kwenye Linux, folda ya /sys/firmware/efi huwepo tu pale mashine ilipowashwa kwa njia ya UEFI. Ni vyema kuandika jibu hilo mahali kabla betri haijaisha.

Na jioni mtumiaji anapobonyeza kuzima, kiini hufunga mafaili, husimamisha vifaa na prosesa nyingine, kisha hurudi kwenye majedwali yale yale ya ACPI. Huendesha kipande cha matayarisho kilichoandikwa na mtengenezaji wa mashine, huchukua namba iliyoelekezwa humo, huiandika kwenye rejista ya umeme, na umeme hukatika.