Je, wajua kwa nini tairi bora la barabarani lina kifua kigumu na mbavu laini?

Muuzaji akitaka kukusifia tairi la baiskeli ya mbio, hulibinya kwa nguvu mbele yako. Likigoma, anasema hilo ndilo halipati pancha. Mnunuzi anayetafuta kasi naye hulipima mkononi, apate lililo jepesi kuliko yote. Wote wawili wameuliza nusu ya swali. Tairi lililo gumu kila mahali hudumu, lakini kutoka Igoma, hapa Mwanza, hadi Magu litakudai nguvu katika kila mzunguko wa pedali. Lililo jembamba kila mahali hukimbia vizuri mpaka siku litakapokutana na kipande cha chupa pembeni mwa barabara ya Usagara. Linaloweza yote mawili limegawanya kazi: kifua, yaani sehemu inayogusa lami, kimevalishwa ngao, huku mbavu, zile kuta mbili za pembeni, zimeachwa nyembamba zikunjike kama kitambaa.

Hapa tunazungumzia tairi za kutumia pamoja na tyubu, zile ambazo fundi yeyote chini ya mwembe anaweza kuzitibu kwa msasa, solusheni na kiraka.

Tuanze na mbavu, maana ndiko kasi iliko. Tairi lililobeba mtu halibaki duara. Pale linapogusa lami hubonyea, mbavu zikavimba, kisha kipande hicho kikipita hurudi kilivyokuwa. Gurudumu la 700C, saizi ya kawaida ya baiskeli za mbio, lina mzingo wa mita 2.1 hivi, kwa hiyo ukienda kilomita 30 kwa saa, kila sehemu ya tairi hubonyea na kurudi karibu mara 4 kwa sekunde. Mpira haurudishi nguvu yote uliyoubonyezea. Angusha mpira wa tenisi na mpira wa matambara kutoka kimo kimoja: wa kwanza unadunda, wa pili unalala hapo hapo. Nguvu isiyorudi imegeuka joto, na imetoka miguuni mwako. Mbavu nene zenye mpira mwingi hufanana na mpira wa matambara.

Kiasi chake si kidogo. Chukua mwendeshaji na baiskeli yake, jumla kilo 85, kwenye tambarare kwa kilomita 30 kwa saa. Matairi mazuri, yanayopoteza sehemu 4 katika 1,000 za uzito huo, yatakula wati 28 hivi. Matairi mazito yanayopoteza sehemu 6 yatakula karibu wati 42. Mtu wa kawaida akikanyaga kwa wati 150, tofauti hiyo ya wati 14 ni karibu moja ya kumi ya nguvu zake zote.

Kitambaa cha ndani ya tairi hupimwa kwa idadi ya nyuzi katika kila inchi, na huandikwa ubavuni kwa herufi TPI. Tairi la 60 lina nyuzi nene na mpira mwingi kati yake. La 120 lina nyuzi nyembamba, hukunjika kirahisi. Ila namba hizi zina ujanja wake. Continental Grand Prix 5000, lililotoka mwaka 2018, huandikwa 3/330, maana yake ni matabaka matatu ya nyuzi 110 yaliyojumlishwa. Kwa hiyo usilinganishe 330 ya kampuni moja na 120 ya nyingine ukadhani moja ni bora mara tatu. Kipimo cha kuaminika ni mkono wako. Tairi likiwa halina upepo, kutanisha mbavu zake mbili kwa vidole. Zikikunjana bila ubishi, ni nzuri. Zikirudi kwa nguvu kama bomba la maji, ndipo wati zako zitakapopotelea. Kisha sogeza kidole gumba kwenye kifua: unapaswa kuhisi mkanda mnene zaidi unaoishia kabla ya mbavu kuanza.

Zipo pia tairi za kitambaa cha pamba, mfano Vittoria Corsa. Ni laini ajabu na hukimbia sana. Lakini aliyekulia Usukumani anajua pamba ikikaa na unyevu huoza. Ziache kwa siku ya mashindano.

Ngao ya kifuani

Kitu cha kujiuliza kabla ya kununua ngao ni adui gani yupo njiani. Kandokando ya Ziwa Victoria wapo wanne. Wa kwanza ni mbigiri, ule mmea unaotambaa pembeni mwa njia na kutoa mbegu zenye miiba migumu. Ukiegesha baiskeli kwenye vumbi unaweza kuziokota kadhaa kwa mara moja. Wa pili ni nyaya nyembamba za chuma kutoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Ni fupi, hazionekani kirahisi ukizitafuta, na ndizo msumbufu mkubwa kwenye barabara kuu. Wa tatu ni vioo. Wa nne ni mawe yenyewe ya Mwanza: miamba ya itale ikimomonyoka hutoa mchanga wenye punje kali, na mvua kubwa ikinyesha huuteremsha kutoka vilimani mpaka kwenye lami.

Waya na kipande cha kioo mara nyingi havitoboi siku ya kwanza. Hukwama kwenye mpira, kisha kila gurudumu linapozunguka husukumwa ndani kidogo, mpaka vifike kwenye tyubu. Ndiyo maana dakika mbili za kulipitia tairi baada ya safari, ukichokoa kwa sindano, huokoa pancha nyingi kuliko bidhaa yoyote ya dukani. Wakati wa masika na vuli pancha huongezeka kwa sababu maji hulainisha ukataji, kama kisu kilicholoweshwa, na pia huleta takataka barabarani.

Ngao zenyewe ni za aina mbili. Ya kwanza ni mkanda mwembamba wa nyuzi ngumu, kama Vectran iliyo ndani ya Grand Prix 5000. Huzuia ukataji na hauongezi uzito wa kuhisiwa. Ya pili ni unene. Schwalbe Marathon Plus ina tabaka la mpira wa milimita 5 chini ya kifua, na mwiba wa mbigiri huishia humo. Gharama yake unailipa kwa miguu kila siku. Kwa anayebeba mzigo mjini hilo ni sawa. Kwa anayetaka kwenda Sengerema kupitia daraja la Kigongo–Busisi na kurudi akiwa na nguvu, ni mzigo asiouhitaji. Continental Gatorskin iko katikati, lakini kwa maoni yetu imepeleka ugumu mbavuni pia, hivyo hudumu kuliko inavyokimbia. Kutoka kampuni hiyo hiyo, Grand Prix 4-Season yenye matabaka mawili ya Vectran ni mapatano mazuri zaidi kwa barabara zetu. Ukipenda kasi na uko tayari kuchokoa vioo, Grand Prix 5000 ya kawaida inatosha. Agiza ile isiyo na alama za kutumika bila tyubu: zile za bila tyubu huwa na ukingo, yaani ule mzingo wa ndani unaokaa kwenye rimu, unaobana sana, na kuzivalisha kando ya barabara ni adhabu.

Usivutwe na michoro kifuani. Kwenye lami, hata iliyolowa, tairi la baiskeli halielei juu ya maji kama la gari, maana ni jembamba na mwendo ni mdogo. Uso laini ndio unaoshika vizuri zaidi.

Hakikisha namba kabla ya kulipa

Kosa la kawaida Mwanza ni hili: mtu anaomba "tairi la 28" akapewa la baiskeli ya Phoenix. Hilo ni 28 × 1½, na kipenyo cha ukingo wake ni milimita 635. Rimu ya 700C ni 622. Tofauti ya milimita 13 inatosha tairi kuchomoka likijazwa upepo. Tafuta ubavuni namba mbili zenye kistari, mfano 28-622: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha ukingo, na hiyo ya pili haina mjadala. Baiskeli za milimani za 26 ni 559, lakini zile za 29 ni 622 sawa na ya mbio.

Kwa upana, chukua milimita 28 kama fremu inaruhusu. Baiskeli nyingi za mtumba zenye breki za kubana rimu huishia 25, kwa hiyo pima nafasi iliyopo chini ya breki na kwenye uma. Ibaki angalau milimita 4, vinginevyo changarawe iliyonata itakwangua fremu. Na usinunue tairi lililotundikwa mlangoni juani kwa miezi. Likunje ubavuni: ukiona nyufa ndogo kama za udongo mkavu, mpira umekwisha hata kama halijawahi kuguswa na lami.

Upepo: ugumu wa jiwe si kasi

Kwenye pipa la chuma linalozungushwa maabara kupimia tairi, kadiri unavyoongeza upepo ndivyo upotevu unavyopungua. Lakini barabara zetu nyingi zimenyunyiziwa lami kisha zikamwagiwa kokoto. Tairi gumu kupita kiasi halimezi kokoto hizo, hivyo kila moja humwinua mwendeshaji na baiskeli yake, na nguvu hupotelea mwilini kwa kutikisika. Ukihisi mikono inakufa ganzi na unadhani unaenda mbio, huenda unaenda polepole.

Kwa mtu wa kilo 70, anzia hapa, kwa psi, kipimo cha msukumo wa upepo: tairi la 25, psi 82 mbele na 88 nyuma; la 28, psi 70 na 75; la 32, psi 55 na 60. Nyuma huzidi kwa sababu ndiko uzito ulikolalia. Ongeza psi 2 kwa kila kilo 5 za ziada. Namba iliyoandikwa ubavuni ni mpaka, si pendekezo, na rimu za kisasa zisizo na ndoano ukingoni zina mpaka wa psi 72.5, tena kwa tairi zilizoruhusiwa tu. Ukiiacha baiskeli juani, psi 3 hivi huongezeka kwa kila nyuzi joto 10.

Kwa tyubu, nunua ya butili ya kawaida, ya gramu 100 hivi. Ya lateksi hupunguza upotevu, lakini inataka upepo kila asubuhi. Zile za plastiki nyepesi, za gramu 25 hadi 40, hazishiki solusheni ya kawaida, kwa hiyo fundi wa mtaani hatakusaidia. Valvu nyembamba ya mbio haiingii kwenye kompresa ya wajaza upepo wa bodaboda bila kiungo cha shaba. Kinunue na ukiweke mkobani. Hata ukiwa nacho, mwambie ajaze kwa vipande, maana tyubu ni ndogo na kompresa huipasua kabla hujasema basi.

Wakati wa kuvalisha, kagua kwanza utepe wa rimu ufunike matundu yote ya spoku. Itie tyubu upepo kidogo ipate umbo. Anza kuingiza ukingo upande ulio mbali na valvu na umalizie kwenye valvu, huku ukiusukuma ukingo uliokwisha kuingia ushuke kwenye mfereji wa katikati ya rimu. Ndipo unapopatikana ulegevu wa kumalizia kwa viganja. Bisibisi ndiyo inayotoboa tyubu mpya. Isukume valvu juu, iachie, kagua pande zote kwamba tyubu haijabanwa, jaza psi 30, tazama tena, ndipo umalizie.

Pancha ikitokea, tundu litakuambia chanzo. Matundu mawili yanayolingana ni upepo mdogo uliokutana na tuta au shimo. Moja upande wa nje ni mwiba, waya au kioo, na huenda bado kimo ndani ya tairi. Upande wa rimu, shtaki utepe. Shina la valvu likichanika, mara nyingi pampu ilivutwa ovyo au nati ilikazwa kupita kiasi.

Tairi la nyuma huisha kwanza. Kifua kikiwa bapa, au vile vitundu viwili vya kupimia kwenye Continental vikifutika, limekwisha. Lihamishe la mbele liende nyuma, jipya likae mbele, kwa sababu pancha ya ghafla mbele ndiyo inayoangusha. Likichanika ubavuni safarini, weka kipande cha tairi kuukuu au cha tyubu ya dawa ya meno kati ya tairi na tyubu, jaza nusu ya upepo wako wa kawaida, na uendeshe polepole mpaka nyumbani.