Je, wajua kwa nini trekta kuukuu huanza kuvuja likiwekwa oili ya sintetiki?

Trekta limelima miaka mingi bila kudondosha oili. Siku moja linawekwa ya sintetiki, yaani iliyoundwa kiwandani kwa kemikali, na baada ya saa chache za kazi udongo chini ya injini umelowa. Mwenye trekta anailaumu oili mpya, lakini tatizo lilikuwepo kabla haijamiminwa.

Sili za injini iliyochoka, yaani raba zinazozuia oili isitoke, hukakamaa na kupasuka. Masizi na mabaki ya oili iliyoungua hujaa kwenye nyufa hizo na kuziziba. Oili mpya yenye visafishio vikali huung'oa uchafu huo, na ufa uliokuwa umezibwa unaonekana. Kilichotoka ni kiraka tu. Sili iliharibika zamani.

Hata hivyo, woga huu haukuzuka hivi hivi. Sintetiki za miaka ya 1970 hazikuivimbisha raba ya sili kama ifanyavyo oili ya kawaida, hivyo sili zilisinyaa na kuvujisha. Baadaye watengenezaji waliongeza esta, kemikali inayoivimbisha raba, kurekebisha kasoro hiyo.

Wengi pia huamini kwamba sintetiki ni nyepesi. Uzito wa oili, yaani unene wake inapotiririka, unasomwa kwenye namba zake. Katika 15W-40, namba ya kwanza inahusu baridi, na 40 inahusu uzito oili ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Iwe ya kawaida au ya sintetiki, 40 ni 40. Anayetoka 15W-40 na kutia 5W-30 amebadilisha uzito, na injini ikianza kula oili asishangae.

Je, sintetiki inafaa basi? Ubora wake mkubwa ni kustahimili joto na kutochakaa upesi. Lakini ndani ya dizeli kuukuu oili huchafuka kabla haijachakaa: ringi za pistoni zimelika, gesi za mwako zinapenya hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kubeba masizi, maji na dizeli isiyoungua. Uchafu huo huiharibu oili ya aina yoyote. Kwa hiyo mimi ningechagua ya kawaida yenye namba sahihi, nikaimwaga pamoja na filta kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha trekta, au mapema zaidi penye vumbi jingi. Ningeifikiria sintetiki kwa trekta linalowashwa kwenye baridi kali, au lenye turbo, feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, kwa kuwa shafti ya turbo hubaki na joto kali sana injini inapozimwa.

Trekta kuukuu la petroli lina jambo lake. Oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguzwa zinki na fosforasi ili kulinda kifaa cha kusafisha moshi (katalitiki), ilhali kemu na tapeti bapa za zamani, vyuma vinavyosuguana ili kufungua vali, huhitaji madini hayo ili zisikwanguane.

La kuogopwa zaidi ni injini kongwe iliyozoea oili isiyo na visafishio. Chini ya sampu huwa pamelala tope zito, na oili yoyote yenye visafishio, hata ile ya kawaida, inaweza kulibomoa na kuziba chujio la pampu. Fungua sampu uisafishe kwanza. Ukishajaza oili mpya, mwage ya mwanzo mapema, na katika saa za kwanza za kazi usiache kuitazama geji ya presha ya oili.